Kurasa Kumi na Sita za Mkalimani

Walimwita Mama Kopi, na katika chuo kile chote, kuanzia mlinzi wa getini hadi mwenye digrii tatu ukutani, hakuna aliyewajua wasomi kama yeye. Aliwajua kwa alama za vidole vyao kwenye karatasi.

Chumba chake kilitazamana na lango la chuo. Kilikuwa na upana wa kitanda na nusu. Ndani mlikuwa na mashine ya fotokopi, kompyuta moja nzee, meza ya kujalidia vitabu yenye gundi iliyogandiana tabaka juu ya tabaka, na chini ya meza boksi kubwa la karatasi alimolala bintiye wa miezi minane. Mtoto huyo alizoea mlio wa mashine tangu tumboni. Umeme ukikatika, ndipo anapoamka na kulia.

Mama Kopi aliishia darasa la saba. Lakini mtu akigeuza kurasa za wenzake kwa miaka kumi na moja, macho hayatakaa bure. Taa inapita chini ya kioo, mkono unangoja, jicho linasoma. Alisoma mambo ya figo, ya mirathi, ya madaraja ya chuma. Na kadiri alivyosoma ndivyo alivyozidi kuwadharau wanafunzi wa fasihi. Wa udaktari walimletea vitabu vinene kama matofali. Wa sheria walileta kesi, za kusomwa mpaka shingo ipinde. Wa fasihi, watu ambao kazi yao yote hapa duniani ni kusoma hadithi, walileta notisi za mtu mwingine aliyesoma hadithi.

Na hata hizo notisi hawakuzisoma. Kila mwaka walipomaliza mtihani walimtupia pakiti zao kama karatasi chakavu, naye alizikagua kabla ya kuzikata kuwa vikaratasi vya risiti. Ukurasa wa kwanza una mafuta ya mikono. Ukurasa wa mwisho umechakaa, umepigiwa mistari, umelaliwa na shavu. Katikati, karatasi nyeupe pe, kama zilivyotoka kwenye bunda.

"Hawa wanakula mkate kwa kulamba ganda la juu na la chini," alimwambia mdogo wake. "Halafu wanajiita wameshiba."

Mwenye notisi hizo alikuwa mhadhiri mmoja mrefu, miwani yake imefungwa kamba shingoni, mkoba wake hauachi kwapa. Wanafunzi walimwita Dakta Kimya. Si kwamba alikuwa mkimya. Mdomo wake haukujua likizo. Jina lilitokana na somo lake. Alifundisha riwaya moja ya zamani juu ya enzi za ukoloni, ile ambayo baba zetu walifundishwa na watoto wetu watafundishwa. Inamhusu mkalimani wa bwana mkubwa wa wilaya. Mkalimani huyo anatafsiri kila amri, ya kodi, ya viboko, ya kuhamisha watu, mpaka siku ajuza mmoja anaposhtakiwa kwa kukataa kuondoka kwenye kiwanja chake. Bwana mkubwa anatoa hukumu: nyumba ya ajuza ichomwe. Anamgeukia mkalimani ili amwambie mwanamke yule. Mkalimani anasimama, anamtazama ajuza, ananyamaza.

Basi. Kwa Dakta Kimya, kitabu kiliishia hapo, na yeye ndipo alipoanzia. Ukimya ule aliuandikia tasnifu. Aliusafiria kwenye makongamano, akalala hoteli, akarudi na mikoba ya bure yenye nembo. Aliwaambia wanafunzi kwamba ukimya wa mkalimani ni bunduki isiyo na risasi, ni mlima, ni ngoma iliyogoma kulia. Akifika kwenye ngoma hufumba macho. Na kila mwaka swali la mtihani lilikuwa lile lile, limebadilishwa kofia tu: jadili ukimya wa mkalimani.

Sasa, miaka sita kabla ya haya ninayoyasimulia, mhadhiri alileta kitabu chake chenyewe kije kushonwa upya, jalada lilikuwa limeng'oka. Vitabu vya zamani hushonwa kwa vifungu, kila kifungu kurasa kumi na sita na uzi wake. Mama Kopi alikifungua mgongo, akahesabu vifungu, akakuta mwishoni uzi unaning'inia peke yake kama kamba ya kuanikia isiyo na nguo.

"Mwalimu, kitabu chako kimepungua," alimwambia alipokuja kukichukua.

"Kimepungua nini?"

"Kifungu cha mwisho. Ona, uzi upo, karatasi hazipo. Hapa zilikuwepo kurasa kumi na sita."

Mhadhiri alimtazama juu ya miwani, kisha akalitazama boksi la karatasi, kisha gundi, kana kwamba anatafuta nani hasa aliyezungumza.

"Mama, hizo zilikuwa karatasi tupu. Wachapaji wa zamani huacha karatasi tupu mwishoni."

"Zote kumi na sita?"

"Wewe nishonee jalada. Ya ndani niachie mimi."

Akashona jalada. Ya ndani akamwachia. Bahati ya mhadhiri ilikuwa kwamba ukurasa wake wa mwisho ulikomea kwenye nukta. Ungekomea kwenye mkato, labda angeshtuka. Ingawa, kwa mtu wa namna ile, hata mkato ungeandikiwa tasnifu.

Haya yote yangebaki kuwa kichekesho cha Mama Kopi na gundi yake, lau si mdogo wake. Mama yao alipofariki, mtoto huyu alikuwa na miaka miwili, na dada mtu ndiyo kwanza amemaliza la saba. Akamfunga mgongoni na hakumtua tena. Walimwita Kitinda, kwa kuwa ndiye wa mwisho. Alifanya hesabu za shule nyuma ya kopi zilizoharibika, akasoma, akapanda, akaingia chuo kile kile kilichotazamana na mlango wa dada yake. Fasihi aliichagua mwenyewe. Tatizo lake lilikuwa moja: alisoma vitabu. Na mtu anayesoma vitabu huuliza maswali, na Dakta Kimya hakupenda maswali ambayo majibu yake hayamo kwenye notisi. Mwaka wa kwanza alimpa thelathini na nane. Marudio, thelathini na tisa. Sasa ilibaki mara ya tatu, na kanuni ilikuwa imebandikwa kwenye ubao wa matangazo, Mama Kopi mwenyewe ndiye aliyeitoa kopi: atakayefeli somo la lazima mara tatu ataondolewa chuoni.

"Mwaka huu usiulize kitu," dada alimsihi. "Kariri tu, mama yangu. Mpe ukimya wake, akupe alama zako, muachane."

"Nitajaribu."

"Usijaribu. Kariri."

Wiki tatu kabla ya mtihani, mkutubi alileta boksi la vitabu vilivyong'oka migongo. "Vimetoka stoo," alisema huku akipiga chafya. "Vimelala humo tangu sijaajiriwa." Mama Kopi alivichambua kimoja kimoja, na cha nne kilikuwa riwaya ile ile. Mikono yake ikahesabu vifungu kabla akili haijaiambia. Kimezidi kimoja.

Alikaa. Akasoma kurasa zile kumi na sita bila kunyanyua kichwa, wateja wawili wakasimama mlangoni wakachoka wakaondoka. Alipofika mwisho alicheka mpaka akashika meza, mpaka mtoto akachungulia kutoka kwenye boksi kuona kuna nini.

Mkalimani hakunyamaza kwa ushujaa. Koo lilimkauka. Anaomba maji, analetewa bilauri, anakunywa yote, anafuta midomo, kisha anamwambia ajuza hukumu nzima kwa sauti ya kusikika hadi nje, na anaongeza tusi moja ambalo bwana mkubwa hakulisema. Kisha anakwenda na askari kuchoma nyumba. Kabla ya moto kuwashwa anaung'oa mlango wa ajuza, mlango mzuri wa mbao ngumu, anaupeleka kwake. Kitabu kinaishia mkalimani akiwa amelala fofofo nyuma ya mlango ule.

Miaka yote ile! Makongamano, mikoba, ngoma iliyogoma kulia! Kumbe mtu alikuwa na kiu.

Kisha kicheko kikamkatika. Alimjua Kitinda. Akiziona kurasa hizi ataziandika kwenye mtihani, kwa wino mweusi, na kuzipigia mstari. Mama Kopi alikifunika kitabu kwa kanga, akakisukuma chini ya kigodoro cha mtoto ndani ya boksi.

Kilikaa humo siku mbili. Siku ya tatu Kitinda alikuja kumbeba mtoto, mkono wake ukagusa kitu kigumu.

"Dada, mtoto analazwa juu ya vitabu siku hizi?"

"Lete hapa."

Hakuleta. Alikuwa ameshafungua mwisho. Alisoma amesimama, mtoto kiunoni, na dada akamwona uso ukibadilika.

"Ulikuwa unanificha?"

"Nilikuwa nakufaulisha."

"Dada! Huyu mtu amefundisha uongo miaka ishirini!"

"Na miaka ishirini watu wanapata vyeti kwa uongo huo huo. Chukua chako, halafu ukienda zako useme ukweli mpaka koo likukauke na wewe."

Kitinda akamrudishia mtoto, akaondoka na kitabu.

Kesho yake Mama Kopi alikuwa na karatasi za mahudhurio za kupeleka kwenye ukumbi wa mihadhara, kwa hiyo alikuwepo, nyuma kabisa, karibu na mlango, mtoto mgongoni. Dakta Kimya alikuwa amefika kwenye ngoma. Macho ameyafumba. Kitinda akasimama, na bila kuomba ruhusa akasoma kwa sauti ukurasa wa bilauri ya maji.

Mhadhiri alifumbua macho.

"Umekipata wapi hicho?"

"Maktaba yetu, mwalimu. Ni kitabu hiki hiki, ila cha kwako kimekosa kifungu cha mwisho."

"Binti, kuna matoleo na matoleo." Alivua miwani, akaiachia ining'inie. "Hilo ni toleo potofu. Inawezekana kabisa kwamba mchapaji aliongeza."

"Aliongeza kurasa kumi na sita?"

"Wakoloni walikuwa na mbinu nyingi," alisema mhadhiri kwa uzito, na baadhi ya wanafunzi waliandika hilo.

Mama Kopi alidhani sasa ukumbi utacheka. Vijana sitini na nne, wenye macho, wenye masikio! Kweli walipaza sauti, lakini si kwa mhadhiri.

"Kaa chini wewe, mtihani umefika!"

"Wengine tumeshakariri ukurasa wa mwisho wa notisi za mwaka jana!"

"Na sisi tuliomaliza je? Turudi shule ya msingi?"

Mmoja aliyevaa kofia, miguu ameinyoosha juu ya kiti cha mbele, aliuliza taratibu: "Dada, huo ukweli wako una alama ngapi?"

Hapo ndipo walipocheka.

"Mtihani," alisema Dakta Kimya, "utatoka kwenye notisi." Wakampigia makofi. Naam, makofi, kama kwamba amewaokoa kwenye maji. Mama Kopi aliweka karatasi zake juu ya dawati akatoka nje, maana alihisi akibaki atasonya, na kusonya mbele ya wasomi ni utovu wa adabu.

Jioni Kitinda alikaa kwenye bunda la karatasi, macho mekundu lakini makavu.

"Nitaandika kilichomo kitabuni."

"Atakukata."

"Anikate."

"Atakufukuzisha, Kitinda. Umesikia? Si kukosa alama mbili. Ni kukusanya godoro lako na ndoo yako utoke bwenini."

"Dada, hata wewe umeishia la saba na umeona. Niandike uongo ninaoujua?"

Dada angeweza kumpigia magoti, na alifikiria kufanya hivyo. Lakini huyu alikuwa amemlea mwenyewe, na alijua alikomfikisha.

Wiki ya kujisomea ilianza. Kitinda alijifungia bwenini na riwaya yake, hasemi na mtu, na hakuna aliyetaka kusema naye. Dakta Kimya, kama desturi yake, alileta nakala mama ya notisi za mtihani. "Sitini na nne, Mama. Na uharakishe." Hakuwahi hata mara moja kuifungua pakiti iliyokamilika. Alichukua yake, akaibana kwapani, akaenda.

Mama Kopi alizipanga kurasa mezani. Akazitazama. Mtu mmoja akiandika ukweli, anafeli. Wawili, wanafeli. Lakini wakiandika sitini, mhadhiri atamwambia nini mkuu wa idara? Kwamba darasa zima limefeli somo alilofundisha mwenyewe? Na hawa vijana, yeye ndiye aliyewajua. Hawakuhitaji kushawishiwa. Wangekariri hata maelezo ya kubadilisha wino, mradi yawe yamebanwa kwa stepla kwenye pakiti ya mhadhiri na yawe ukurasa wa mwisho.

Akakaa kwenye kompyuta. Alitafuta maandishi ya aina ile ile na ukubwa ule ule. Juu aliandika: MUHTASARI WA MTIHANI. Kisha, kwa vidole viwili, akaandika kama alivyokuwa akiandika insha za darasa la saba, sentensi fupi, asije akajikwaa:

"Mkalimani hakunyamaza kwa ushujaa. Koo lilimkauka, akaomba maji. Alipokwisha kunywa alisema yote, na akaongeza la kwake. Ajuza alichomewa nyumba. Mkalimani aliuchukua mlango wake kabla ya moto. Akaufunga kwake akalala vizuri. Mwandishi anatuonya tusimsifu mtu kabla hajamaliza kunywa maji."

Akauweka ukurasa huo mwisho kabisa wa notisi, baada yake hakuweka kitu. Akatoa kopi sitini na nne, akazibana.

Walikuja kuchukua makundi kwa makundi. Alisikiliza huku akijifanya anapanga karatasi. Wa kwanza alifunua nyuma, kama alivyojua atafanya. "Ala! Kumbe Dakta amebadilisha."

"Si yule msichana alisema?"

"Achana na alichosema. Imeandikwa hapa." Na papo hapo, mlangoni, wakaanza kukariri: koo lilimkauka, akaomba maji. Hakuna aliyeuliza mbona ukurasa wa tatu, wa saba na wa kumi na moja zinasema kinyume. Ili kuuliza, ingebidi awe amefika huko.

Yule wa kofia hakununua. "Mimi nimepewa ya kaka yangu ya mwaka jana," alisema. "Dakta haandiki jipya."

Mtihani ukafanyika. Kitinda alitoka akanyoosha moja kwa moja hadi chumbani kwa dada, akamchukua mtoto, akasema, "Nimeandika kitabu," basi. Wiki mbili za kungoja matokeo Mama Kopi alijalidi vitabu vitatu juu chini.

Siku moja asubuhi Dakta Kimya akaingia, ameshika karatasi zilizoandikwa kwa mkono.

"Mama, nichapie hizi. Notisi mpya. Nimefanya mapitio makubwa."

Ukurasa wa juu uliandikwa: KOO LILILOKAUKA: MTAZAMO MPYA. Mama Kopi aliupitishia jicho. Mstari wa tano ulisema tusimsifu mtu kabla hajamaliza kunywa maji.

"Maneno mazito, mwalimu."

"Hayo huja baada ya kulifikiria jambo miaka mingi." Alipangusa miwani. "Na mwaka huu nimepata darasa la ajabu. Wote wamefika nilipokuwa nikiwapeleka muda wote huu. Wazo lile lile, karibu maneno yale yale. Nimemwambia mkuu wa idara, hayo ndiyo matunda ya kufundisha."

"Wote, mwalimu?"

"Isipokuwa mmoja."

Mama Kopi alishika ukingo wa meza. "Huyo naye kaandika nini?"

"Eti ukimya. Bunduki isiyo na risasi, sijui ngoma." Alitikisa kichwa kwa huruma. "Sijui wanayatoa wapi. Nimemfelisha. Kijana mvivu, kutwa kavaa kofia."

Alipoondoka Mama Kopi aliketi juu ya bunda la karatasi. Hakuwa amesimama bado Kitinda alipoingia mbio, kikaratasi cha matokeo mkononi, hata salamu hakuna.

"Sabini na nne! Dada! Sabini na nne!"

Wakakumbatiana mpaka wakaangusha chupa ya gundi. Dada alilia, akajifuta kwa kanga, akalia tena. Kitinda hakuweza kukaa.

"Nilikwambia! Ulitaka nikariri. Unajua ameniandikia nini pembeni? 'Vizuri, ndivyo nilivyofundisha.' Hana haya! Lakini nimemgeuza, Dada. Miaka ishirini hakuna aliyethubutu. Wale kondoo sitini wote wamempigia ukimya wake, mimi peke yangu nikasimama na ukweli, na ameshindwa kunikata. Mtu mmoja tu akiwa na msimamo, unaona?"

"Naona."

"Wewe uliogopa bure."

"Niliogopa bure," alisema dada.

"Sasa unacheka nini?"

Mama Kopi alimtazama yule mtoto aliyemfunga mgongoni akiwa na miaka miwili: kidevu juu, pua imemvimba, tayari ana sura ya mtu wa kongamano. Akaona dharau aliyowalimbikizia wengine inamchungulia na huyu, akaifukuza, haikwenda mbali.

"Nacheka furaha."

"Kweli?"

"Kweli tupu," alisema, akainama kuzoa gundi kabla haijaganda.